Alama za Viganja Ukutani

Mimi ni fundi seremala, na sina subira na mtu anayebahatisha vipimo. Kwa hiyo daktari aliposema ugonjwa wa mume wangu utapanda taratibu, miguu kwanza, kisha mikono, kisha pumzi, nilimuuliza swali moja tu: lini? Akasema hajui. Daktari mzima! Nikatoka pale nimenuna.

Jibu nililikuta nyumbani, ukutani. Asubuhi moja niliona alama za viganja kwenye korido, kutoka chumbani hadi chooni, zimefuatana kama za mtu anayejikongoja. Mkono mpana, kidole cha shahada kimepinda: mkono wa mume wangu, dereva wa lori kwa miaka thelathini. Lakini wakati huo bado alikuwa anatembea mwenyewe, mikono mfukoni, anapiga mluzi.

"Ulikuwa unashika ukuta?" nikamuuliza.

"Nishike ukuta, nimelewa?"

Nikapima. Sentimita tisini kutoka sakafuni. Nikafunga ubao wa kushikilia palepale, nikaupiga msasa mpaka ukateleza. Wiki mbili baadaye akaanza kuutumia.

"Fundi," akanitania, "wewe umenisoma." Sikucheka.

Tangu siku hiyo alama zikawa zinatangulia, mimi nafuata. Zikatokea kando ya choo. Nikaweka bomba la kushika. Zikashuka hadi usawa wa mtu aliyekaa. Nikapanua mlango wa chumbani kabla hata kiti cha magurudumu hakijaletwa. Majirani wakanisifu, eti ninaona mbali. Wangejua! Nilikuwa naziogopa kuta za nyumba yangu mwenyewe.

Halafu likaniingia wazo lililoninyima raha. Je, kama ni mimi? Je, kama kila ninachokifunga ndicho kinachouita ugonjwa? Alama zilipotokea kando ya kitanda, nikazipaka rangi na sikufunga kitu. Siku ya tatu mume wangu alianguka, akapasuka kwenye paji la uso.

Wifi yangu, dada yake anayekuja kunisaidia kumwogesha, alinishukia kama mvua ya mawe. "Unawatengenezea watu vitanda mji mzima, mumeo analala bila kizuizi? Ama kweli kinyozi hajinyoi!"

Nilifunga kizuizi siku hiyohiyo, nalia kwa hasira, sijui nimemkasirikia nani.

Sasa mikono yake imelala. Yamebaki macho, na sauti nyembamba ambayo lazima umwinamie uisikie. Jumamosi iliyopita, asubuhi kweupe, nilikuwa nafagia sebuleni nikaona alama mpya kwenye mlango wa mbele, miimo yote miwili. Hazikuwa zake. Zilikuwa za watu kama sita hivi, tena si viganja bali migongo ya mikono, usawa wa kiuno. Nimebeba makabati ya kutosha kuzijua alama hizo. Ni za watu waliobeba kitu kirefu, mlango ukawabana, wakachubuka.

Nilizisugua kwa sabuni. Nikazisugua kwa msasa. Zilibaki vilevile.

Mume wangu akaniita. Nikaenda, nikamwinamia.

"Umeziona," alisema. Hakuwa anauliza. Kutoka kitandani kwake mlango ule hauonekani.

"Sijaona kitu."

"Panua mlango."

"Sipanui! Kiti chako kinapita vizuri, nipanue nini? Nisipoupanua, huendi popote. Umenisikia? Huendi!"

Akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine.

"Nitakwenda tu, mke wangu. Ila mtanipitisha kiubavu."

Mungu wangu! Nilikaa pale kitandani nikalia kwa kwikwi mpaka fulana yake ikalowa, naye hawezi hata kuninyooshea mkono. Nilipomaliza nikajifuta kwa kanga, nikachukua futi, nikaupima mlango. Nikaupima tena. Nikatoa msumeno kwenye sanduku la vifaa, nikarudi chumbani nao.

"Una haraka?" nikamuuliza.

"Sina."

"Basi na mimi sina."

Siku hiyo nilifanya kazi polepole kuliko siku zote za maisha yangu.