Kitenzi Kinarudi Nyuma

Mashine ya tatu ilikuwa ikikamua mashuka ya wodi ya wazazi, sakafu yote inatetemeka, na Mama Mashuka akalazimika kupaza sauti.

“If I had a car, I would go home early!”

“Ungekuwa na gari, ungewahi nyumbani,” Mwalimu alitafsiri kutoka kwenye meza ya pasi. “Sawa. Una gari?”

“Hata baiskeli sina.”

“Ndiyo maana umesema ‘had’. Wenzetu hawana -nge- kama sisi. Wakitaka kusema jambo ambalo halipo, wanachukua kitenzi cha jana, wanakileta leo. Kwenye kutamani ni hivyohivyo. Kinarudi nyuma hatua moja.”

Walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu kweli. Alifundisha Kiingereza miaka ishirini na miwili, mpaka shule yake ilipofungwa, akaja hospitalini kupiga pasi makoti ya madaktari. Mama Mashuka yeye alikuwa na miaka kumi na minne hapo dobini, yote kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kisha tangazo likabandikwa mlangoni: wafanyakazi wa ngazi ya chini watafanya usaili wa Kiingereza. Atakayefaulu maswali yote kumi ataajiriwa moja kwa moja. Atakayefeli atahamishiwa kampuni ya usafi, kwa nusu mshahara na bila kadi ya matibabu.

“Kwani mashuka yanajua Kiingereza?” aliuliza siku ile, na dobi zima likacheka. Lakini usiku hakulala. Binti yake wa miaka tisa alikuwa na selimundu. Kadi ile ndiyo iliyokuwa ikimpatia dawa, na ndiyo iliyomlaza wodini kila maumivu yalipomshika akawa analia bila sauti.

Siku ya usaili, saa nne, akaitwa. Akavua aproni, akapangusa mikono, akaingia ofisini kwa afisa utumishi, kijana wa tai nyembamba aliyekuwa akitafuna biskuti huku akijaza fomu. Maswali tisa yakapita bila shida.

“La mwisho. Tunga sentensi ya kutamani.”

Alikuwa nayo kichwani tangu asubuhi. “I wish you knew my work.” Natamani ungeijua kazi yangu.

Kijana akaacha kutafuna. “Knew? Hiyo ni jana, mama. Unatamani leo au ulitamani jana?”

“Leo, bosi. Ila kwenye kutamani kitenzi kina…”

“Unanifundisha?”

“La hasha.”

“Basi sema ‘I wish you know’ nikupe maksi yako. Umebakiza hiyo moja tu. Foleni ni ndefu.”

Mama Mashuka akatazama kalamu ilivyosimama juu ya kiboksi. Akamwona mwanawe amejikunja kitandani, amekumbatia magoti.

“I wish you know,” alisema.

“Umeona sasa?” Kijana akaweka tiki.

Nje, Mwalimu alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Mama Mashuka akaketi karibu naye, akamnong’oneza: “Baba yangu, akikuuliza la kutamani, usirudi nyuma. Sema ‘know’. Ndivyo anavyotaka.”

“Lakini ni kosa.”

“Najua ni kosa. Mimi mwenyewe nimelisema.”

Mwalimu hakumlaumu. “Una mtoto,” alisema. “Ulifanya vema.” Akasimama kuingia, akivuta mikono ya shati lake lililonyooshwa vizuri.

Mlango haukufungwa sawasawa. Mama Mashuka alimsikia akijibu, swali moja baada ya jingine, kwa sauti ile ya darasani. Kisha sauti ya kijana, kali: “Mzee, hapa msahihishaji ni mimi!” Na Mwalimu, taratibu: “Andika ulivyosikia, mwanangu. Sitalibadilisha jibu langu.”

Ijumaa orodha ikatoka. Mama Mashuka alikuwemo. Mwalimu hakuwemo.

Jumatatu alikuja na sare ya kampuni, rangi ya chungwa, imembana mabegani. Akawasha pasi ileile, akavuta koti la kwanza kutoka kwenye kapu lilelile. Wenzao wakajifanya wana kazi nyingi. Mama Mashuka alizunguka dobi mara tatu kabla ya kumsogelea.

“Mwalimu. Tuliishia wapi?”

“Umeshafaulu. Kiingereza cha nini tena?”

“Tuliishia wapi?”

Akaisimamisha pasi. “Kwenye yaliyokwisha kupita. Ungalifanya hivi, ingalikuwa vile. Hapo kitenzi kinarudi nyuma hatua mbili. Tunga.”

Akafikiri, akipanga maneno moja moja kwa vidole juu ya meza yenye joto.

“If you had said ‘know’,” alisema polepole, “you would have passed.” Ungalisema alivyotaka, ungalifaulu.

Mwalimu aliipima ile sentensi kama alivyopima maelfu kabla yake.

“Sahihi,” alisema. “Haina kosa hata moja.” Akainamia koti la daktari, akaendelea kunyoosha kola.