Gari Lisitoke Getini

Kikosi cha zimamoto cha kiwanda cha magodoro kilizaliwa na msiba. Wanawake wawili wa idara ya kushona waliteketea pamoja na sponji, na gari la manispaa lilifika kuta zimeshaanguka. Wiki hiyohiyo fundi wa boila, mtu mfupi asiyejua kunyamaza, alipita mashineni kukusanya watu. Akapata kumi na wawili: wapakiaji, mafundi umeme, hata karani wa stoo na kitambi chake. Fundi huyo wakamwita Kapteni, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa heshima.

Meneja aliwapa gari kuukuu jekundu na sharti moja: lisitoke getini. Hakuna aliyeona ubaya wake. Kila Jumatatu walifanya mazoezi uwanjani, wakatandaza mipira ya maji huku wenzao wakiwacheka madirishani. Kwa miaka tisa walizima mioto kumi na minne, na hakufa mtu.

Wa kumi na tano uliwaka nyuma ya ukuta, kwenye nyumba za mbao walizopanga wafanyakazi. Ilikuwa saa nane mchana. Kapteni alibonyeza king'ora, dereva akawasha gari. Katika nyumba ya tatu aliishi dada yake Kapteni na mumewe aliyepooza miguu.

Meneja alikuwa amesimama getini, mikono kiunoni.

"Cheche zinadondokea ghala la sponji. Gari likitoka na huku kukashika, watu mia nne wako ndani. Utawajibu nini?"

"Bosi, kule kuna watu wanaungua sasa hivi!"

"Na hapa?"

Kapteni akatazama paa la ghala. Cheche zilikuwa zinadondoka kweli.

"Geuza," alimwambia dereva. "Tuloweshe paa."

Wapakiaji wawili walitupa kofia zao chini, wakaruka ukuta na ndoo. Ghala halikushika. Nyumba kumi na moja ziliisha, na shemeji yake Kapteni akafia kitandani.

Msibani dada alimpokea, akamkalisha kwenye mkeka. Hakupiga kelele.

"Nilikuwa bombani nafua," alisema. "Nikataka kuingia, majirani wakanishika. Kiliposikika king'ora chenu nikawaambia, niacheni, kaka anakuja. Nikatulia. Kaka, mimi nilitulia."



Wakati wa kurudi, dereva, aliyekuja naye msibani, alitembea naye hadi njia panda, kisha akasema, "Kapteni, wale mia nne si tungewatoa nje tu? Dakika tano. Halafu tukaenda. Sisi tulilinda magodoro."

Kapteni alisimama kama aliyepigwa kofi. Miaka yote tisa alikuwa amewafundisha watu kutoka nje kwa mstari. Siku ile wazo hilo halikumjia kabisa.

Kesho yake alirudi kwa dada yake peke yake, akamweleza lote bila kujipunguzia. Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hilo la kuwatoa nje ulilifikiria lini?"

"Jana. Na si mimi. Dereva."

Dada akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Kikosi hakikuvunjwa na mtu. Watu walianza tu kusema wana kazi mashineni, leo huyu, wiki ijayo yule, mpaka Kapteni akabaki na karani wa stoo. Na mpira ukijaa maji, watu wawili hawauwezi.