Mkwe Aliyezima Mashine

Ardis Kvamme alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na sita, na katika vitongoji vyote vya upande ule wa Minnesota, Marekani, hakuna aliyethubutu kumfundisha namna ya kuendesha nyumba. Kwa hiyo ile Ijumaa ya Juni, kesho yake ikiwa harusi ya bintiye Solveig, alipomkuta mama wa bwana harusi ameinama mbele ya mashine yake ya kukaushia nguo, ananusanusa kama paka aliyesikia harufu ya samaki, damu ilimpanda kichwani.

Mama huyo aliitwa Lorraine Paquette. Alikuwa ameendesha gari kwa saa nne kutoka kaskazini, na pai nne za rubabi, mmea mchachu wa huko, kwenye kiti cha nyuma, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga nyumba ile. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, mpole, asiye na maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule, na alikuwa pia mmoja wa wazimamoto wa kujitolea wa mji wao.

"Mkwe," Lorraine alisema, "hii mashine inachukua muda gani kukausha mzigo mmoja?"

Swali lilimgusa Ardis penye kidonda. Vitambaa thelathini vya meza vya kanisa vilikuwa vimelala sandukuni tangu majira ya baridi, vikanuka ukungu, naye akajitolea kuvifua vyote. Tangu asubuhi mashine ilikuwa imekausha vinane tu. Kusema kweli, ilianza uvivu tangu Pasaka: suruali za jinzi zilitaka mizunguko miwili, kisha mitatu, na chumba cha kufulia kikawa na joto la tanuri.

"Vitambaa ni vizito," alijibu. "Na kama unafikiria chujio la manyoya ya nguo, nalisafisha kila mzigo. Kila mzigo! Muulize Solveig."

"Mama na hilo chujio ni kama mtu na sala zake," Solveig alisema, akijaribu kuleta kicheko.

"Sijasema hulisafishi. Ila hebu weka mkono hapa juu."

Ardis hakuweka mkono popote. Alitazama saa. "Maua yanatungoja kanisani. Tuiache izunguke, tukirudi tutakuta tayari."

"Twende, lakini tuizime kwanza."

"Tuizime? Hivyo vitambaa vikaushwe na nani, malaika?"

"Mashine ya namna hii haiachwi inazunguka nyumba haina mtu, mkwe. Wala watu wakiwa wamelala."

"Mimi naiacha tangu huyu Solveig hajaota meno!"

Lorraine hakubishana. Alinyoosha kidole kimoja kinene, akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikanyamaza.

Solveig alijishika kichwa. Ardis alihisi masikio yake yakiwaka. Alianza hata kupanga moyoni namna atakavyomsimulia dada yake: harusi bado, na mwanamke keshaanza kutawala nyumba ya watu! Lakini alipogeuka kumpa lake, Lorraine hakuwepo. Alikuwa ameshatoka nje na gauni lake zuri la buluu, anazunguka nyumba, anapekua vichaka vya waridi.

"Bomba lako la hewa linatokea wapi?" aliita.

"Hapo nyuma ya waridi! Na usinivunjie matawi!"

Wote watatu walichungulia. Kile kifuniko kidogo cha ukutani, ambacho kinapaswa kupepea kila mashine inapopumua, kilikuwa kimeachama nusu, na nyasi kavu zimechomoza kama ndevu. Ndani ya nyasi kulikuwa na midomo mitano ya njano, yote wazi.

"Makinda!" Solveig alipiga kelele kwa furaha.

Lorraine hakucheka. "Makinda hawawezi kuishi penye upepo wa moto," alisema taratibu. "Kama wako hai, basi joto halifiki huku. Sasa linabaki wapi?"

Ardis alirudi ndani mbio, wenzake nyuma yake. Walichomoa waya ukutani, wakaishika mashine, mmoja huku mmoja kule, wakaivuta. Nyuma yake bomba laini la plastiki lilikuwa limebanwa bapa kati ya mashine na ukuta. Manyoya ya nguo yalikuwa yametanda sakafuni, mazito, ya kijivu, utadhani kondoo alikatwa sufu pale.

Lorraine alilichomoa lile bomba. Lilikuwa limeshindiliwa mpaka mdomoni. Akabandua bati la nyuma ya mashine kwa bisibisi, akavuta shungi la manyoya, akaliweka kwenye kiganja cha Ardis. Upande mmoja lilikuwa la kijivu. Upande wa pili lilikuwa la kahawia, limeanza kuungua, na Ardis alipoligusa lilivunjika kama jani kavu.

Aliketi juu ya ndoo. Vyumba vya juu vilikuwa na wageni: wasimamizi wa bibi harusi watatu, na dada yake pamoja na mumewe. Jana usiku wote walilala fofofo, na mashine huku chini inazunguka na taulo zao.

"Mimi nilikuwa nasafisha chujio," alisema, sauti imekuwa ndogo.

"Na ulifanya vizuri, ndiyo maana umefika mpaka leo." Lorraine alichuchumaa mbele yake. "Chujio halishiki yote, mkwe. Mengine yanapita, yanatafuta pa kulala. Hata mimi nilijifunza nilipokwenda kuzima moto kwa jirani yangu. Mwanamke msafi kuliko wewe na mimi tukiunganishwa."

Ardis alimtazama mwanamke yule, gauni la buluu limepata masharubu ya kijivu kifuani na jani la waridi limenasa nyweleni, na kicheko kikamtoka bila ruhusa.

"Jamani, mkwe, umekuja kuoza mwana ukiwa hivyo?"

"Kwani wewe umejiona? Kichwani una manyoya ya soksi za mwaka juzi!"

Walicheka mpaka Solveig akaja mbio, akidhani wanapigana.

Ikabaki habari ya vitambaa ishirini na viwili, vyote majimaji. Ardis alisimama, akajipangusa, na ule upishi wa watoto mia tatu ukamrudia mwilini. "Solveig, piga simu kanisani! Waambie maua yasubiri, walete vibanio vya nguo!"

Haukupita muda, kina mama wa kanisa wakaja na magari manne. Vitambaa vikatandazwa kwenye uzio wa malisho, kwenye bembea, kwenye ngazi, kwenye trekta la marehemu Bwana Kvamme, mume wa Ardis. Upepo wa tambarare ukavishika vyote kwa pamoja, uwanja mzima ukapepea mweupe. Ndama wa jirani alipenyeza kichwa akaanza kutafuna pindo la kimoja, na Ardis akamfukuza kwa mwiko huku wenzake wakimshangilia.

"Mkaribishe tu kesho!" Lorraine alimpigia kelele. "Keshaanza kula!"

Kabla jua halijashuka, vyote vilikuwa vikavu, vinanukia majani na jua. Wakavipiga pasi jikoni wakila pai moja, kisha ya pili, ingawa pai zilikuwa za harusi.

Siku ya pili Solveig aliolewa, uso wake haufichi furaha. Ukumbini, vinanda vya ngoma ya polka vilipoanza, wakwe wawili walionekana katikati wakizungushana kwa nguvu kiasi cha vijana kuwapisha. Na kila aliyefika mezani kwao alikutana na Ardis akiuliza, mdomo umejaa keki, "Nyumbani kwako, bomba la hewa linatokea wapi? Hujui? Kesho tunakuja."

Mashine ilikaa wiki tatu bila kuguswa, hadi makinda wote watano waliporuka. Nguo za nyumba ile zilikauka kambani, na hakuna aliyelalamika. Kisha Lorraine akashuka tena kutoka kaskazini na bomba la chuma, laini kwa ndani, na brashi ndefu ya kusugulia. Walifanya kazi asubuhi nzima, wakatoa kiota kitupu, wakafagia, wakasogeza mashine mbali na ukuta ili bomba lisibanwe tena.

"Haya, washa," alisema Lorraine.

Ardis akatia taulo, akabonyeza, kisha akatoka mbio kama msichana kuzunguka nyumba. Kifuniko cha ukutani kilikuwa kimeinuka, na upepo wa moto, safi, ukampiga usoni na kurusha nywele zake nyuma.

"Inapumua!" alipaza sauti. "Mkwe, njoo uone, inapumua!"