Lodi Hazikwi Bila Mtani

Nasema mapema: mimi Matilda nina hasira za karibu. Mwaka jana kikundi changu cha maigizo kilipocheza Mbeya, watu wa Mwanjelwa walianza kutoka ukumbini mchezo ukiwa nusu. Nikaapa kwamba nikifanyiwa hivyo tena hapa Iringa, naacha maigizo, narudi kulima vitunguu Ruaha Mbuyuni.

Na mchezo wenyewe ulikuwa ule ule! Maisha ya Lodi Wetherby, bwana mkubwa na waziri wa Uingereza wa karne ya kumi na saba, niliyemtunga mwenyewe kwa kuokota vipande vya mabwana wa zama zile. Mfalme wake anakatwa kichwa, naye anakimbilia ugenini na mtoto wa mfalme, anamlea kwa njaa. Kijana anarudishiwa kiti cha enzi cha babake, lodi anakuwa waziri mkuu, anajenga jumba, anaingiwa na kiburi. Halafu wakubwa wanamgeuka, kijana yule yule anamfukuza nchini, anafia ng'ambo. Dastan alimcheza kwa wigi la katani, akaringa kweli kweli.

Ukumbi ulijaa, tena kimya. Wanasikiliza au wanasinzia? Nyuma ya pazia sikubandua macho mlangoni.

Likaletwa jeneza, Dastan ndani. Sasa, waigizaji wangu hawajui Waingereza wanalia vipi, nikawa nimewaambia walie kama kwao. Yusta, mke wa lodi, akaangua kilio cha Kihehe, wenzake wakaitikia.

Mara mama mmoja akanyanyuka mbele. Alikuwa Verediana, Mngoni anayeuza nyanya sokoni. Akapanda jukwaani, akaketi juu ya jeneza!

"Hazikwi mtu hapa! Mnalia Kihehe, basi marehemu Mhehe, na mimi mtani wake!"

Nani asiyejua? Kwenye msiba wa Mhehe, Mngoni ana haki ya kuzuia maiti na kumsema marehemu hadharani mpaka wafiwa wamwombe radhi. Lakini huu ulikuwa mchezo, jamani, mchezo wangu! Nilitamani nitoke nimkokote kwa kanga yake.

"Wewe lodi!" Verediana akagonga kifuniko. "Mfalme wako anakatwa kichwa, wewe huyoo, mbio! Umerudi, badala ya kutulia unajenga jumba la kumshinda bosi wako. Ulitegemea nini?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Ila yule kijana uliyemgawia mkate wako, kakufukuza hata kwaheri hamna. Hapo sikutanii, mtani. Hapo pameniuma."

Akafuta macho kwa pindo la kanga. Nikapiga makofi nyuma ya pazia. Kumbe alikuwa ameshika kila kitu tangu mwanzo!

Yusta, binti mwenye akili, akapiga magoti. "Mtani wetu, tunakuomba. Turuhusu tumrudishe kwao, tumzike."

"Kwao wapi, na walimfukuza? Anazikwa hapa hapa Iringa!"

Basi, nani angewazuia? Wanaume wakalibeba jeneza, Dastan akipiga kelele humo ndani, wakashuka nalo, ukumbi mzima ukafuata kwa nyimbo mpaka nje. Hakubaki mtu kitini. Malori yakasimama barabarani, nami nikakimbia pembeni ya jeneza, machozi na kicheko pamoja.

Dereva mmoja akavua kofia, akaniuliza amefariki nani.

"Mzee wetu," nikamjibu.