Saa ya Ochola

Ligi ya mpira wa kikapu ikishafungwa, mashabiki wengi hurudi kwa mambo yao. Nakhumicha hakuwa mmoja wao. Mwezi wa kwanza, timu zilipoanza mechi za kirafiki za kujipima nguvu, bila kombe wala tiketi, yeye alikuwa pale pale juani na mwavuli na chupa ya chai, akipiga kelele utadhani ni fainali. Alikuwa mjane, karani katika kiwanda kimoja cha saruji nje ya Kitengela. Kwenye ploti ya vyumba vya kupanga alikoishi walimwita Mama Shirleen. Uwanjani walimwita Spika, na jina hilo alilipenda zaidi, ingawa kanisani hakulitaja.

Timu ilikuwa ya kiwanda, na mchezaji wake kipenzi alikuwa Ochola, kijana mrefu aliyepanga chumba mkabala na chake. Timu kama zile hazikumpa mtu donge la pesa, zilimpa kazi. Ochola walikuwa wamempa kibarua cha kupakia saruji kwenye malori, na kikohozi chake cha asubuhi Nakhumicha alikisikia kupitia ukuta. Sasa benki moja ya Nairobi ilikuwa inatafuta mchezaji wa kusimama chini ya kikapu. Atakayechukuliwa angeajiriwa kabisa, akae ofisini, avute hewa safi. Nakhumicha aliiombea nafasi hiyo kuliko alivyowahi kumwombea Shirleen, bintiye wa kumzaa.

Mechi hizo za kirafiki zilikuwa na desturi yake. Vyumba vya kubadilishia nguo vilifungwa pamoja na ligi, kwa hiyo kila mchezaji aliacha vitu vyake kwa mtu anayemwamini. Ochola aliacha saa ya marehemu babake. Nakhumicha aliivaa juu ya sweta, mkono akiuweka mahali watu watauona. Hakuna heshima aliyoionea fahari kama hiyo.

Balaa ilianzia Kajiado, kwenye uwanja wa saruji uliojaa mchanga. Ochola aliruka, akatua vibaya, goti la kushoto likavimba. Alikataa kutoka, akacheza hadi mwisho, wakashinda. Baadaye alimvuta Nakhumicha kando.

"Mama, hii goti ibaki kati yetu. Kocha wa benki anakuja Kitengela Jumamosi. Daktari amesema ni kupumzika tu, ligi ikianza nitakuwa fiti. Lakini huyo akisikia, nimeisha."

"Mimi? Hata Shirleen sitamwambia," akaapa, na aliapa kwa moyo wake wote.

Jumamosi hiyo alifika mapema kumvizia kocha. Kichwani mwake kocha wa benki alikuwa mtu wa suti na gari lenye nembo. Alipomwona bwana mmoja wa tai alimkaribisha kwa adabu zote, kumbe ni wakala wa bima. Akarudi kukaa, amekasirika. Kando yake alikaa mzee wa kofia na sandali, akimenya njugu.

"Mathe, huyu namba kumi na moja ni wenu?" mzee akauliza.

"Ni wangu."

"Naona ni mvivu kidogo. Mpira inaanguka karibu na yeye na haruki."

Lo! Ungemtukania Nakhumicha mama yake angekusamehe mapema zaidi. Aliweka chai chini ili mikono yote miwili iwe huru.

"Mvivu? Ochola? Wewe ulikuwa wapi juzi Kajiado? Huyo kijana amecheza na goti imevimba kama kichwa ya mtoto! Mwingine angelia abebwe. Yeye akaruka tu, na tukashinda. Usiniambie mvivu!"

Mzee aliacha kumenya. "Goti gani?"

"Hiyo ya kushoto. Na bado anacheza!"

"Basi huyo ni mwanaume," mzee akasema kwa upole, akamnyoshea njugu. Nakhumicha akazipokea, akazitafuna, ameridhika kwamba amemfunza adabu. Uwanjani Ochola alitupa jicho upande wao, akatabasamu. Kuanzia hapo aliruka kama mtu aliyefunguliwa kamba, na Spika akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mzee alikung'uta maganda mapajani, akashuka moja kwa moja hadi kwenye benchi. Githongo, kocha wa kiwanda, aliruka juu akamsalimu kwa mikono miwili. Mzee akainama mbele ya Ochola, akalibonyeza goti la kushoto. Ochola akakunja uso. Hapo ndipo Nakhumicha alipomjua kocha wa benki.

Ochola alimjia jasho likimtoka, akichechemea sasa bila kuficha.

"Imekataa, mama. Amemchukua Morgan, mwenzangu hapo chini ya kikapu. Eti mimi niende nipone kwanza."

"Ochola..."

"Sijui nani alimwambia. Lakini wewe, asante. Nilikuona umekaa na yeye, unaongea na mikono yote. Nikajua leo niko na mtu wa kunisemea. Ndio maana niliruka vile."

Angeweza kunyamaza. Kijana mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Lakini shukrani ile ilimchoma kuliko tusi.

"Ni mimi nilimwambia. Sikumjua. Alikuita mvivu, Ochola. Nilikuwa nakusifu."

"Mvivu," Ochola akarudia polepole. Kisha akanyosha mkono. "Saa yangu."

Nakhumicha alihangaika na kifungo cha mkanda, kikagoma. Ochola alisubiri, mkono umenyoshwa, hakumsaidia.

Jumamosi iliyofuata walicheza Kajiado tena, na Ochola ilibidi acheze, goti au si goti, kwani kibarua chake kilitegemea timu. Nakhumicha alikwenda, akakaa mahali pake. Kabla ya kuanza, Ochola alivua saa, akasimama nayo mkononi akitazama mashabiki. Macho yake yalimpitia kama nguzo ya uzio. Akainama, akaitumbukiza saa ndani ya soksi ya mguu mzima, akaingia nayo uwanjani.

"Spika, leo vipi, mbona hatukusikii?" mtu mmoja akamtania kutoka nyuma.

"Koo linaniuma," akajibu, akaushika mkono wake mtupu.