Mikaratusi ya Chemchemi

Kwa miaka minne Gathogo, mwenyekiti wa mradi wa maji katika kijiji kimoja karibu na Othaya, aliwaomba majirani wang'oe mikaratusi waliyoipanda kuizunguka chemchemi. Alimleta hata ofisa wa misitu, akawaonyesha kwa michoro jinsi mti mmoja unavyofyonza maji. Watu wakampigia ofisa makofi, wakanywa chai ya mradi, kisha wakarudi kuipalilia mikaratusi yao.

Maji yalipobaki uzi mwembamba, Gathogo akamwendea Ngendo, bibi wa miaka tisini na ushee, kumuuliza zamani chemchemi ililindwaje.

"Hakuna aliyegusa mti pale," Ngendo akamwambia. "Aliyekata aliingiwa na thahu, unajisi usiotoka mpaka achinjiwe kondoo."

"Na wewe uliamini hayo, mama?"

"Sisi wasichana tuliamini migongo yetu. Chemchemi ingekauka, ni sisi tungeshuka hadi mtoni kuteka. Hayo ya kondoo yalikuwa ya wanaume, kwa sababu wao hawakubeba maji."

Gathogo alikuwa pia mzee wa kanisa, na mambo ya thahu alikuwa ameyakemea mimbarani mara nyingi. Kwenye mkutano alianza na habari ya migongo ya wasichana. Watu wakachezea simu zao. Basi, kwa shingo upande, akataja thahu. Simu zikarudi mifukoni. Kufikia Ijumaa mikaratusi yote ilikuwa chini, na wa kwanza kushika msumeno alikuwa mwalimu wa sayansi.

Lakini visiki vilikuwa vikichipuka tena, na hakuna aliyekubali kuving'oa kabla ya kondoo kuchinjwa. Gathogo akatoa wake. Aliona haya, ila nyama ilipoiva akala ubavu mzima.

Jumapili mchungaji akasoma mbele ya waumini kwamba Gathogo amesimamishwa uzee wa kanisa kwa miezi mitatu kwa kurudia mila. Gathogo aliinamisha kichwa. Kilichomuuma ni kwamba shtaka lilikuwa la kweli.

Jumatatu mchungaji huyo huyo akafika nyumbani kwake, akakataa kiti. Kanisa, alisema kwa sauti ya chini, lina mikaratusi arobaini hapo bondeni, mkondo ule ule. Alitaka tu kujua, kiutawala, kama jambo hilo linafika mpaka kwenye shamba la kanisa.

Gathogo akamweleza yote: ofisa, michoro, mizizi, wasichana na mitungi yao. Mchungaji alisikiliza kwa subira mpaka mwisho.

"Na huyo kondoo," akauliza, "ni lazima awe wa rangi moja?"

Mikaratusi ya kanisa ilikatwa wiki hiyo, kwa sababu za kitaalamu, kama tangazo lilivyosema. Kufikia Mei tangi la mradi lilikuwa likifurika. Gathogo alimaliza miezi yake mitatu kwenye benchi la nyuma, karibu na mwalimu wa sayansi, ambaye kila Jumapili alimsogelea kumuuliza ni nini kingine kilichokuwa kimekatazwa zamani.