Mkanda wa Kapteni Odur

Mchana mmoja Nabalayo alikuwa anamenya matoke kwenye hoteli yake ya chakula mtaani Kabalagala, Kapteni Odur akaingia na kukalia viti vya ndege. Vilikuwa vitatu vilivyoungana, vya kitambaa cha bluu, na Nabalayo alivinunua siku Shirika la Ndege la Tausi lilipopigwa mnada. Baada ya vita shirika hilo lilianza na ndege nne, zikawa mbili, ikabaki moja iliyojua gereji kuliko mawingu, na mwishowe dirisha la tiketi na makarani wanaopiga miayo. Wakubwa walikuwa wamelitafuna mpaka mifupa.

Odur ndiye aliyekuwa rubani mkuu. Nabalayo, mzaliwa wa Bungoma, alikuwa mhudumu wa abiria. Siku polisi wa uwanja wa Entebbe walipokuta dhahabu ya wizi ya Odur ndani ya toroli ya chakula, Odur alimnyooshea Nabalayo kidole, na Nabalayo akaenda jela ya Luzira. Akiwa huko mama yake alifariki, akazikwa akiitwa mama wa mwizi.

Sasa Odur alikuwa anaanzisha shirika lake mwenyewe na alitafuta mpishi wa chakula cha abiria.

"Mama, watu nasema wewe napika muzuri," alisema. Hakumkumbuka hata kidogo. Hilo lilimchoma Nabalayo kuliko jela.

"Funga mkanda kwanza, Kapteni."

Odur akacheka, akafunga. Viti vikanyanyuka taratibu, vikapita usawa wa meza, vikatulia chini ya mabati. Wateja walifunika sahani zao kwa mikono ili vumbi lisiingie kwenye mchuzi.

"Hii mukanda nakataa kufunguka," Odur alisema.

"Itafunguka ukisema ile dhahabu ilikuwa ya nani."

Odur akamtazama vizuri, na sasa akamkumbuka. "Nabalayo! Hiyo maneno ya zamani, wacha."

"Basi kaa huko."

Akakaa. Nabalayo alifurahi wala hakuficha. Alihamisha sigiri ya maharage akaiweka chini yake, moshi umpandie sawasawa, na jua lilipoyapasha mabati moto alikuwa akitoka jikoni kumwangalia anavyotiririka jasho.

Lakini habari zilienea. Wanajeshi aliowahi kutumika nao vitani walikuja kumpigia saluti. Gazeti likaandika kwamba nchi nzima imebaki na rubani mmoja tu anayeruka bila mafuta. Waziri akapanda ngazi kumvalisha nishani, na lile shirika jipya likapewa jina la Odur. Hoteli ilijaa mpaka barabarani. Nabalayo alipowaeleza wateja habari ya dhahabu, walimwonea huruma.

"Mama, mutu ya kuruka hivi naweza kuiba kweli?" mmoja wao aliuliza.

Nabalayo alitaka kumnyima Odur chakula afe. Usiku kucha aliwaza hivyo. Lakini Odur akifa hatasema tena, na jina la mama yake litaoza naye.

Kwa hiyo kila mchana hupanda ngazi na trei.

"Sema," humwambia.

Odur hula, akamaliza, akafuta mdomo. "Kuku ya leo imekauka kidogo," husema. "Kesho leta samaki."

Sokoni Nabalayo humchagulia samaki mwenye miiba kuliko wote, kisha humkaangia vizuri na kumpandishia.